Shule imefungwa, mume yuko lindoni: nitapigaje kura na watoto watatu?

Shikamoo Shangazi,

Nasoma majibu yako siku nyingi bila kuandika. Leo nimeona na mimi nikuletee langu, kwa sababu nyumbani wanaliona dogo na mimi linaninyima usingizi.

Nina watoto watatu. Wa kwanza binti wa miaka 11, wa pili mvulana wa miaka 7, na wa mwisho ana mwaka na nusu, bado ananyonya. Siku ya uchaguzi hawaendi shule, maana shule yenyewe ndiyo kituo cha kupigia kura. Tumeshaambiwa itafungwa siku kadhaa, na kwamba tarehe ya kufungua itatangazwa. Dada anayenisaidia kazi za nyumbani ameniaga mapema: amejiandikisha kwao, ataondoka siku mbili kabla, na atarudi hali ikishatulia. Sikuweza kumkatalia, ni haki yake.

Mume wangu ni mlinzi. Siku hiyo yuko zamu ya asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Yeye alijiandikisha kituo cha karibu na kazini, kwa hiyo ameshajipanga: mwenzake atamshikia lindo, atoke mara moja, apige kura, arudi. Mimi nilijiandikisha kule tulikokuwa tukikaa kabla ya kuhamia huku. Muda wa kuhamisha taarifa ulinipita nikiwa nauguza mtoto. Kituo changu si cha kwenda kwa miguu. Ni kupanda gari, kisha kutembea kidogo.

Nilipomuuliza mume tutafanyaje, alinijibu bila hata kuinua macho kwenye simu: "Wewe baki na watoto. Kura moja haibadilishi kitu. Mimi nitapiga, si ni ya nyumba nzima?" Sikumjibu, Shangazi. Lakini neno hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Si kwamba sijui taabu ya kwenda na watoto. Uchaguzi uliopita nilikwenda na huyu binti, wakati huo ana miaka sita, na mdogo wake mgongoni. Foleni ilikuwa imezunguka ukuta. Mtu mmoja akanionea huruma, akasema mama mwenye mtoto apishwe. Nikapita mbele. Nyuma yangu nikasikia, "Siku hizi wanaazimana watoto hawa." Watu wakacheka. Binti naye akachagua dakika hiyo hiyo kuniuliza kwa sauti, "Mama, si baba alisema tumchague yule wa kwenye bango?" Nilitamani ardhi inimeze. Nikarudi zangu nyuma. Jua likapanda, wa mgongoni akaanza kulia, binti akabanwa na haja, na choo kiko ng'ambo ya uwanja. Ukitoka foleni umepoteza nafasi. Nikaondoka. Sikupiga kura, na nilipofika nyumbani hakuna aliyeniuliza kama nimepiga au sikupiga.

Safari hii nataka kupiga. Wifi yangu anasema nimwache binti mkubwa na wadogo zake, kwamba yeye katika umri huo alikuwa ameshalea. Mama mkwe yupo lakini anakaa mbali. Jirani yangu wa mlango wa pili ana watoto wawili wanaolingana na wangu, na zamani tulikuwa tukishikiana watoto hata bila kuombana. Tangu kampeni zianze, tumenuniana. Yeye ana chama chake, mimi changu. Tulirushiana maneno kwenye kundi la simu la mtaa, na sasa hata salamu tunatupiana tu. Nitaanzaje kumwomba anishikie watoto ili niende kukipigia kura chama ambacho hataki hata kukisikia?

Nibaki kama mume anavyosema? Niende nao wote watatu? Au nimsikilize wifi? Na je, mtoto anaruhusiwa kweli kuingia kituoni, au nitasafiri mwendo wote huo nikarudishwe mlangoni?

Mama wa watatu

* * *

Marahaba mwanangu,

Watoto wana dawa, nitafika kwao. Tuanze na baba yao.

Kura ya nyumba nzima haipo. Ziko nchi ambazo mtu anaweza kupigiwa kura na mwenzake, Uingereza na Ufaransa zikiwamo, lakini hata huko unaomba rasmi, unamtaja unayempa jukumu hilo, naye anakuwa na kura yake na yako, mbili mbalimbali. Mume wako akiingia kituoni anapewa karatasi zake yeye, basi. Jina lako litabaki kwenye daftari bila alama, kama la mtu aliyelala.

Na hilo la kura moja. Sitakudanganya: mara nyingi washindi hupishana kwa maelfu, na siku ya matokeo hutaona mahali palipoandikwa kwamba fulani kapita kwa sababu yako. Hapo mumeo ana hoja. Ila muulize jambo moja: kama kura moja haina maana, kwa nini yake ameitafutia mtu wa kumshikia lindo? Angesema "zetu zote mbili ni bure, tubaki tulale," ningemwona mvivu lakini ningemwelewa. Anachosema yeye ni kwamba iliyo bure ni ya kwako. Nina hakika hakukusudia kukudharau. Wanaume wengi hulisema hilo kwa mazoea, kwa vile tangu zamani kukiwa na mtu wa kubaki nyumbani, hakuna anayeuliza ni nani. Mwambie hivyo hivyo, watoto wakiwa wamelala na simu iko mezani. Usimwambie siku ya kuamkia uchaguzi. Mwambie wiki hii.

Akitaka mfano, mpe wa Pemba. Januari 1961, kwenye uchaguzi wa Zanzibar, kiti cha Chake Chake kilikwenda kwa chama cha Afro-Shirazi (ASP) kwa kura moja. Hesabu ya viti ikawa ASP 10, wapinzani wao wa ZNP (Hizbu) 9, na chama kidogo cha ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP, pande zikawa 11 kwa 11, serikali ikashindikana, na Juni mwaka huo huo watu wakapanga foleni upya. Hebu fikiria ni akina mama wangapi wa Chake Chake walioambiwa asubuhi ile wabaki na watoto.

Au mpe wa India, ambao mimi huupenda zaidi kwa sababu ni wa ndani ya nyumba kabisa. Mwaka 2008, katika jimbo la Rajasthan, C. P. Joshi, kiongozi wa chama cha Congress pale jimboni na mtu aliyekuwa akitajwa kuwa waziri kiongozi, alipata kura 62,215. Mpinzani wake alipata 62,216. Magazeti ya huko yaliandika kwamba miongoni mwa wasiofika kituoni alikuwamo mkewe mwenyewe.

Sasa tuje kwa jirani, maana huyo ndiye mtu wako wa siku hiyo. Najua hukutaka kusikia hivyo.

Umeandika kwamba huwezi kumwomba akushikie watoto ili ukipigie kura chama asichokipenda. Umejiuliza yeye anafanyaje? Ana watoto wawili, shule yao imefungwa kama ya wako, na kwa jinsi ulivyonieleza sidhani kama ana msaidizi kukuzidi. Yamkini muda huu anakaa upande wa pili wa ukuta akijiuliza swali lile lile, na anaona haya kuja kwako kwa sababu ile ile. Mkiendelea hivi, siku ya uchaguzi mtabaki nyumbani wote wawili, kila mmoja amemkomoa mwenzake. Mkisaidiana, mtapiga wote wawili, na mkitaka kuhesabu, kura zenu zitafutana. Tofauti ni kwamba hakuna aliyefutwa kabla hajafika kwenye sanduku.

Usimwendee na ombi, mwendee na zamu. Ombi litamfanya ajione ana kitu mkononi cha kukunyima. Zamu ni biashara. Mwambie: "Jirani, siku ya kura wewe uende saa ngapi na mimi niende saa ngapi? Nakaa na wako, nawe ukae na wangu." Kama kituo chake ni hiki cha hapa mtaani, yeye atangulie kwa miguu, awepo mlangoni vituo vinapofunguliwa, nawe ubaki na watoto wote watano. Wakishanawa na kula mtakuwa mmemaliza sehemu mbaya ya asubuhi. Akirudi, unambeba huyo mdogo unaondoka. Yale maneno ya kwenye kundi la simu usiyaombee radhi wala usiyataje. Kama yanahitaji kuzungumzwa, yatazungumzwa baada ya matokeo, na huenda yasihitaji. Jambo moja tu mkubaliane wazi: watoto wasifanywe uwanja wa kampeni. Asiwafundishe wako nyimbo za chama chake, nawe usiwahoji wake nyumbani kwao wanasemaje.

Asipokubali, au mkishindwa kuelewana, bibi yao anayekaa mbali atafaa kwa huyu wa miaka saba, na pengine kwa binti pia. Shule zinafungwa siku kadhaa, si moja. Kenya mwaka 2022 uchaguzi ulikuwa tarehe 9 Agosti, shule zikafungwa tangu tarehe 2, na siku ya kufungua ikasogezwa mbele zaidi ya mara moja watu wakingoja matokeo. Kwa hiyo ukipanga, panga wiki. Mtoto aliyepelekwa kwa bibi yake siku mbili kabla amepata likizo. Anayepelekwa asubuhi ya uchaguzi amepata safari ya kulia.

Kuhusu ushauri wa wifi, sikubaliani nao. Binti wa miaka 11 anaweza kumwangalia mdogo wake ukiwa dukani au ukiwa unafua nje. Kumwachia mtoto anayenyonya na mvulana wa miaka saba kwa saa ambazo hujui zitakuwa ngapi, siku ambayo barabarani kuna watu wengi na majirani nusu hawapo, hapana. Wifi alilea katika umri huo, sawa, lakini nadhani alilea nyumba ikiwa na watu wazima wanaoingia na kutoka. Si kitu kimoja.

Huyu mdogo nenda naye, na usione haya. Mwenye mtoto kupishwa si huruma ya mtu mwema kwenye foleni, ni utaratibu. Tanzania, kabla ya siku yenyewe, Tume ya Uchaguzi hutangaza kwamba wazee, wagonjwa, wenye ulemavu, wajawazito na mama wanaonyonyesha waliofika na watoto wao wapewe kipaumbele. Kenya nako wenye watoto wachanga hutangulizwa. Uliza tume ya kwenu inasemaje, halafu siku hiyo usisubiri mtu akuone. Nenda moja kwa moja kwa askari au ofisa anayepanga foleni, umwambie, "Nina mtoto anayenyonya." Yeye ndiye akupitishe. Ukipitishwa na ofisa, wa nyuma atanung'unika kwa ofisa.

Na huyo aliyesema wanaazimana watoto, jambo lenyewe lipo. Kenya mwaka 2017 kuna mahali mtoto mmoja alipita mikono ya wanawake kadhaa, kila mmoja akipishwa mbele, mpaka maofisa wakaamua kumpaka wino kidole na mtoto mwenyewe ili asirudi tena. Nilicheka sana nilipoisoma. Lakini wewe mtoto ni wako, ananyonya kwako, na kama kuna ofisa mwenye shaka kidole cha mtoto kipo, akipake. Kuna la kuonea haya hapo?

Kwa nini foleni huwa vile, hebu tupige hesabu, itakusaidia kujua uondoke saa ngapi. Chukua Kenya tena. Sheria ya huko haitaki kituo kimoja kizidi wapiga kura 700. Vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na hufungwa saa 11 jioni. Hizo ni dakika 660. Wakifika wote, kila mtu ana chini ya dakika moja, na ndani ya hiyo anatambuliwa kwa alama ya kidole, anapewa karatasi sita, kuanzia ya rais mpaka ya mwakilishi wa wadi, anaweka alama, anakunja, anatafuta sanduku la kila rangi, anapakwa wino. Haiwezekani mtu mmoja mmoja. Ndiyo maana ndani huwa wako kadhaa kwa pamoja, mmoja anatafutwa jina, mwingine yuko kwenye kituturi, kile kibanda cha kuwekea alama kwa siri, mwingine anakunja. Mashine ikigoma au daftari likichelewa, saa nzima imekwenda. Kwa hiyo hata ukitangulizwa, usihesabu nusu saa. Beba maji, kitu cha kutafuna, nepi mbili na kitambaa cha kumfunika jua. Jambo la choo ulishaliona mwenyewe: pitia choo kabla ya kuingia foleni, na ukibanwa baadaye mwombe aliye mbele na aliye nyuma wakutambue sura. Watu hukubali kuliko unavyodhani.

Kingine ambacho wengi hawakijui: saa ya kufunga ikigonga ungali kwenye foleni, kwa kawaida unaruhusiwa kupiga. Kenya na Tanzania ni hivyo. Anayekosa ni anayefika baada ya mlango kufungwa. Kwa hiyo ukiona muda unayoyoma, usivunjike moyo ukarudi nyumbani. Simama hapo hapo.

Umeuliza kama mtoto anaingia. Wa mgongoni au kifuani haleti shida, sijasikia mahali mama alipoambiwa amtue nje. Kwa wakubwa, nchi zinatofautiana. Uingereza mzazi anaingia na watoto wake, mradi karatasi aiandike yeye mwenyewe, asimpe mtoto kalamu. California walio chini ya miaka 18 wanaweza kufuatana na mlezi wao hadi kwenye kituturi. Kwingine neno la mwisho analo msimamizi wa kituo, ambaye siku hiyo ana watu mia kadhaa na hataki watoto wa miaka saba wakikimbizana kati ya meza. Ndiyo maana mvulana nimemwacha kwa jirani.

Binti ningekwenda naye. Akubebee mfuko, akushikie mdogo dakika ile unapoweka alama, maana kukunja karatasi kubwa na mtoto anayevuta kila kitu ni kazi. Akikataliwa kuingia, mwombe ofisa akuonyeshe pa kumweka mahali unapomwona, umwambie asiondoke hapo hata akiitwa na mtu anayemjua. Mwambie mapema, mkiwa nyumbani, kwamba mle hatutaji jina la mgombea wala chama, si la baba wala la mama, na kwamba akitaka kujua ulimchagua nani atauliza mkirudi, nawe una hiari ya kumjibu au kutomjibu. Mtoto wa miaka 11 akielezwa kwamba kura ni siri hata kwa mume na mke, huwa analipenda sana hilo. Usishangae akikutunzia siri kuliko wewe mwenyewe.

Wako wanaoona si vema kuwapeleka watoto kwenye mambo ya siasa. Mimi siko upande wao, mradi pametulia. Costa Rica watoto hupanga foleni yao wenyewe siku ya uchaguzi na kupiga kura za mfano kwenye masanduku yao, na watu wa Arizona, Marekani, walioliona hilo walikwenda kuanzisha la kwao mwaka 1988. Nchi haijaanguka kwa sababu hiyo.

Kagua nguo zao kabla hamjatoka. Kipindi cha kampeni kofia na fulana za vyama huingia nyumbani hata hujui zimeletwa na nani, na watoto huzipenda kwa rangi zake. Ukifika kituoni na mtoto aliyevaa uso wa mgombea kifuani utarudishwa, na utarudishwa kihalali. Simu iache ndani ya mfuko. Picha ya karatasi iliyotiwa alama ni kosa sehemu nyingi.

Sasa mume tumpe kazi yake, asidhani tumemmalizia mambo yote sisi wanawake na yeye anarudi kukuta chakula. Anatoka lindo saa tisa. Saa tisa hiyo aende kwa jirani akamchukue mwanawe, akae naye mpaka urudi, na akae na wa jirani pia kama jirani ana la kufanya. Bora zaidi, aombe kubadilishana zamu na mwenzake tangu sasa. Kanada sheria ya uchaguzi inamhakikishia mfanyakazi saa tatu mfululizo za kwenda kupiga kura, India mwajiri anatakiwa kutoa likizo yenye malipo, na nchi nyingi hutangaza sikukuu kabisa. Lakini walinzi, wauguzi na madereva sikukuu hazijawahi kuwajua, kwa hiyo kwao kila kitu ni mapatano. Kama alipata mtu wa kumshikia lindo apige kura yake, mtu huyo huyo anaweza kuombwa saa mbili nyingine.

Ukimaliza, rudi nyumbani. Usikae kituoni kungoja kuhesabu, na kama ulikuwa na mpango wa kupita mahali kusikiliza matokeo, siku hiyo una mtoto kifuani, acha. Ukifika ukaona pana fujo, au hata dalili ya fujo, geuka. Ukituliwa na roho, rudi mchana. Isipotulia, hiyo kura nakuruhusu kuiacha, na si kwa sababu mume alisema.

Hayo yote yanategemea jambo moja ambalo hukuligusia kwenye barua yako. Umesema ulijiandikisha kule mlikokuwa mkikaa. Una hakika jina lako bado liko kituo kile kile? Vituo hugawanywa watu wakiongezeka, na mtu akajikuta jina limehamia shule ya pili yake, mwendo wa nusu saa na mtoto mgongoni. Tume nyingi huweka njia ya kuhakiki jina, kwa ujumbe wa simu au kwa orodha zinazobandikwa nje ya kituo. Hakiki leo, andika jina la kituo na namba yako kwenye karatasi, uiweke pamoja na kitambulisho, kisha ndipo ukamgongee jirani.

Shangazi